Kukuona na Kukuoa

Ilikuwa miaka ile simu pana za kupapasa zilipoanza kuingia mjini, na mwenye kuwa nayo hakuiweka mfukoni. Aliishika mkononi kutwa nzima ili tusipate shida ya kuuliza.

Asubuhi moja lifti ya jengo la maofisi ilitikisika, ikaguna kama mzee anayeinuka kitini, ikasimama katikati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Taa ikazimika. Ndani walikuwa wamebanana wanasheria wawili, mama mmoja aliyekumbatia mkoba mkubwa, kijana wa mauzo aliyejipulizia manukato ya kutosha ukoo mzima, na mpima macho wa duka la miwani la ghorofa ya tano. Huyo jengo zima lilimwita Dada Miwani, ingawa mwenyewe hakuvaa.

Simu pana zikatoka. Zikamulika nyuso za wenyewe, na msaada wao ukaishia hapo.

"Mtandao hakuna," mwanasheria mmoja akasema.

"Mimi sina chaji," akasema kijana wa mauzo. "Nilikuwa nasikiliza muziki njiani."

Mama wa mkoba akaanza kuaga watoto wake kwa majina.

Dada Miwani alisita. Simu yake alikuwa akiificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka: kitochi, kasimu ka vitufe ka bei ya chini kuliko zote dukani, kenye tochi kichwani na raba iliyozuia mfuniko wa betri usianguke. Akapiga moyo konde, akakatoa. Tochi ikawaka, ukutani kikaonekana kibao chenye namba ya fundi. Na mtandao ulikuwepo, vijistari vimesimama wima kama askari.

"Haloo, fundi wa lifti?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Nimo ndani ya lifti yako."

"Si yangu, dada. Ingekuwa yangu nisingekuwa napanda ngazi saa hizi. Mko wangapi?"

"Watano, na manukato."

"Poleni. Na anayelia ni nani?"

"Mama mmoja anaaga wanawe."

"Mwambie aahirishe. Kaa nami kwenye simu, niongoze."

"Salio langu ni la kuonja tu, Fundi."

"Basi kata, nakupigia mimi."

Siku hizo mwanamume akikwambia 'kata, nakupigia mimi,' alikuwa amesema jambo zito. Wapo walioolewa kwa maneno machache kuliko hayo.

Milango ilipotanuliwa kwa chuma, uso wa kwanza kuonekana ulikuwa wake: bwana wa makamo, ovaroli la buluu lililoiva kwa grisi, meno meupe, na shingoni, kwenye kamba ya kiatu, kitochi kama kile cha Dada Miwani. Alimpa mkono wa kumvuta, akaitazama simu iliyokuwa inawaka bado.

"Kumbe na wewe ni wa chama," akasema.

"Chama gani?"

"Cha wasioibiwa."

Dada Miwani akacheka. Alikuwa hajacheka kazini kwa muda mrefu, na mama wa mkoba, ambaye sasa alikuwa na muda wa kuona mambo, akaguna.

Namba ilibaki kwenye simu ya Fundi. Jioni akabipu: mlio mmoja, kimya. Dada Miwani naye akabipu. Wakabipiana kama watoto wanaopigana makonzi na kukimbia, mpaka Fundi akaishiwa uvumilivu akapiga kweli.

Mapenzi yao yakaingia kwenye visimu viwili. Na visimu vile vilikuwa na utu wake. Siku moja cha Fundi kilimponyoka juu ya jengo, kikashuka shimo zima la lifti kikigonga vyuma. Fundi akateremka, akaokota mfuniko huku, betri kule, akaviunganisha, kikawaka na kumwonyesha kiooni ile mikono miwili inayosalimiana, kana kwamba kimetoka matembezini. Umeme ukikatika mtaani, Dada Miwani aliwasha tochi akasuka nywele huku simu imebanwa begani, Fundi akimsimulia watu wanaobonyeza kitufe mara kumi wakidhani lifti itaona haya ije upesi. Chaji haikuisha. Wala hapakuwa na alama ya kukusuta kwamba umesoma ujumbe ukanyamaza. Mtu alinyamaza kwa amani yake.

Lakini ubaya pia ulikuwepo, tusikisifu kama marehemu. Picha kilikuwa hakina. Mwenzake wa dukani, mwenye kucha ndefu na simu ya kupapasa, alimsakama Dada Miwani kila siku.

"Hebu nione huyo fundi wako."

"Sina picha."

"Shoga, unampenda sauti? Hata redio ina sauti."

"Redio hainiulizi kama nimekula."

Na kuandika kulikuwa kazi. Herufi tatu zilikaa kitufe kimoja. Ukitaka ya tatu, ubonyeze mara tatu. Fundi hakuwa mtu wa kuandika. Ukimtumia ujumbe anajibu kwa kupiga. Ndiyo maana Alhamisi ile, ujumbe wake ulipoingia ukiita *tiriri*, Dada Miwani alimwacha mteja na jicho moja limefunikwa, akafungua.

"Nataka kukuoa. nije jumapili kwenu nimjue shangazi"

Yeye aliyelipwa mshahara kwa kuwauliza watu 'hii ni herufi gani?' aliisoma herufi kwa herufi. Akaisoma tena. Kabla hajapata jibu, simu ikaita.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Unasemaje? Harakisha, salio linakata."

"Nimekubali, Fundi. Njoo. Mimi nime..."

Salio likakata. Alibaki ameishika simu kifuani, na mteja akauliza kama anaruhusiwa sasa kulifunua jicho.

Shangazi, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyeona watu wakiingia duniani bila nguo na hivyo hababaishwi na suti. Alipoonyeshwa ujumbe alivuta mdomo.

"Ameandika? Mtu mzima? Mdomo kauacha kwa dobi?"

"Shangazi, ni mwenye haya."

"Haya nyie. Ngoja nimwite baba yako mkubwa, asije akasema tumekuoza kwa siri kama tunauza bangi."

Jumapili sebule ikang'aa. Vitambaa vya viti vilifuliwa vikapigwa pasi. Baba mkubwa alifika na suti iliyonukia nafthalini ya kabatini, akakaa wima. Dada Miwani alivaa gauni la zambarau lenye mikono ya kupepea, akapaka wanja, akaufuta, akapaka tena. Alikuwa amefikisha umri ambao watu wameacha kumuuliza lini, na huko kuacha kuuliza kulimuuma kuliko maswali. Leo jibu lilikuwa linakuja kwa miguu yake.

Likaja na ovaroli, mkoba wa vyuma begani, na mfuko wa machungwa mkononi.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Mnisamehe mavazi, nimetokea kazini."

"Marahaba, mwanangu, karibu," shangazi akasema, ingawa jicho lilibaki kwenye grisi.

Baba mkubwa akakohoa. "Habari yako tumeipata, kijana, na imetufurahisha. Sasa wazee wako tuwategemee lini?"

"Wazee wangu? Waje kufanya nini, baba?"

"Unaoa peke yako, kama mtu anayenunua viatu?"

Fundi akamtazama Dada Miwani. Dada Miwani akamtazama Fundi. Kisha akainuka, akakifungua kitochi kwenye ule ujumbe, akampa. Fundi alikishika, akakikodolea macho, akakirudisha polepole.

"Niliandika kukuona," akasema.

"Pameandikwa kukuoa."

"Ni kitufe cha sita. O na N zinakaa pamoja, na kimechakaa. Ukienda haraka moja inamezwa." Jasho lilikuwa limemtoka. "Nilikuja kuwasalimu wazee. Na kuaga. Kampuni inanipeleka mji mwingine, kufunga lifti za hospitali mpya. Sijui nitarudi lini."

Hata saa ya ukutani ilionekana kuona aibu. Baba mkubwa alilegeza tai. Dada Miwani hakulia; alisema kwa ile sauti yake ya kazini, "Fundi, mlango ni uleule ulioingilia," akaenda chumbani kuvua gauni.

Fundi alipoondoka, shangazi alikaa akimenya chungwa.

"Na hicho kitufe nacho," akasema. "Kingekufa herufi mbili kabla, tungesoma 'nataka kuku.' Tungemkaangia, akala, akaenda zake salama."

Kutoka chumbani kikasikika kitu kati ya kicheko na kilio.

Fundi alipiga simu usiku ule, na kesho yake, na wiki iliyofuata, kutoka huko alikokwenda. Dada Miwani aliiacha iite mpaka ichoke. Kisha akafanya lile ambalo mwenzake wa dukani alikuwa akilihubiri siku zote: akanunua simu pana, na kitochi akakitupa droo ya jikoni, laini yake ikiwa ndani.

Mwanzoni ilikuwa raha. Aliona harusi za watu asiowajua, watoto wa watu asiowapenda, na vyakula vya watu waliokula wameshiba tayari. Saa tisa alasiri chaji ilikwisha. Iliteleza mkononi mara moja tu, kwenye zulia, na kioo kikachora ufa kama mto kwenye ramani. Na Fundi hakuwemo humo. Alimtafuta kwa kila jina. Mtu yule hakuwahi kupigwa picha wala kuweka neno popote. Akagundua kwamba vidole vyake vinakumbuka vitufe, jinsi vilivyobonyea na kurudi juu, na kwamba hiki kioo, upapase ukipendavyo, hakirudishi kitu.

"Hivi mtu yule alikudanganya?" shangazi alimuuliza jioni moja wakichambua mboga.

"Hapana."

"Angeweza. Aseme 'ndiyo baba, wazee watakuja,' ale, anywe, apotee. Mimi nimewaona hao. Mmoja nilizaa naye. Huyu wako alikaa kwenye kiti cha moto akasema kweli na grisi yake."

"Kweli yenyewe ni kwamba hanitaki, Shangazi."

"Hilo hakulisema. Wewe ulimwonyesha mlango kabla hajafika huko."

Usingizi wa siku ile Dada Miwani aliupata kwa taabu, na asubuhi akakitoa kitochi kwenye droo. Kiliwaka. Chaji ya siku alipokitupa bado ilikuwepo, lakini kutoka kwa Fundi hapakuwa na kitu kipya. Na yeye hakuwa na la kuandika ambalo halikuwa la kuomba.

Mvua zilikuja zikaisha. Siku moja duka limejaa wateja, akaita "anayefuata" bila kuinua kichwa, na aliyekaa kwenye kiti cha kupimwa alikuwa na shati jeupe lenye mikunjo ya kufungashwa mkobani.

"Tatizo," akasema Dada Miwani, kwa sababu ndilo swali la kazini, na sauti ikakataa kupanda iwe swali.

"Msimamizi amenilazimisha nipimwe macho," akasema Fundi. "Nilifunga waya wa juu mahali pa waya wa chini. Daktari alibonyeza kupanda, akajikuta chumba cha kufulia."

Nyuma kwenye foleni mtu akacheka. Dada Miwani akampa kadi ya maandishi madogo. "Soma."

Fundi akaisogeza mbali. Akanyoosha mkono, akauongeza, akarudisha kichwa nyuma mpaka kikagusa ukuta.

"Mkono wangu mfupi," akasema.

Mpima macho huyu alikuwa amewaona wengi wa hivyo. Lakini wa kwake hakuwahi kumwona akisoma kitu.

"Tangu lini?"

"Muda sasa. Namba za simu nazijua kwa vidole. Ujumbe nabahatisha. Ndiyo maana napenda kupiga."

"Kwa hiyo siku ile nilipokupa simu..."

"Niliona mwanga tu. Nikaona haya kusema mbele ya baba mkubwa. Nikasema nilichojua nilitaka kuandika."

"Ulitaka kuandika kukuona."

"Ndiyo."

Dada Miwani akavuta kisanduku cha lenzi. "Basi hatuna la ziada. Nitakuchagulia lenzi."

"La ziada lipo," Fundi akasema. "Kitufe kiliropoka lililokuwa moyoni. Lakini nilikuwa nakwenda nisikokujua, kwa kazi nisiyojua mwisho wake. Nikuachie neno kubwa namna ile ukae nalo peke yako? Nikasema nitarudi kwanza, nilitamke kwa mdomo."

"Kazi imekwisha?"

"Imekwisha. Nimerudi hapahapa."

"Basi litamke."

Akageuka kuitazama foleni. Foleni nayo ilimtazama.

"Nataka kukuoa."

"Sikusikia vizuri. Kukuona?"

"Kukuoa. K, U, K, U, O, A."

"Amesema kukuoa, binti," akasema mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho. "Mimi sioni, lakini sijawa kiziwi."

Dada Miwani alichukua fremu ya kupimia, akamvisha Fundi, akatumbukiza lenzi moja, akaitoa, akatumbukiza nyingine.

"Hii au ile?"

"Hiyo ya pili."

Akasogea mpaka uso wake ukawa umbali wa kadi.

"Unaniona?"

Fundi akamkodolea macho. Duka lote likakodoa naye.

"Una kidoti," akasema. "Hapa, juu ya mdomo. Sikuwahi kukijua."

"Kilikuwepo siku zote."

"Nimekaa bila kukiona siku zote hizo?"

"Basi umeniona," akasema Dada Miwani. "Sasa nioe."