Aliyeukana Usukani wa Castory

Jumanne ile Hamdani alikunywa chai na maandazi mawili, akamsema mkewe Yunisi kwamba maandazi ni magumu, akayamaliza yote, akatoka. Siku ya kawaida tu. Duka lake la spea pale Mwanga lilikuwa na wateja, na jina lake lilifika hadi Dar: ukitaka kujua usukani wa gari la zamani la Kimarekani kama ni wenyewe au wa kuigiza, muulize Hamdani. Magari yale yalivushwa ziwa kutoka Kongo enzi hizo, yakafia nyuani mwa watu, kuku wakatagia ndani. Hamdani aliyanusa kama fisi anavyonusa kaburi bichi. Jicho alikuwa nalo, hilo hatumnyimi. Kilichooza ni ulimi. Akikuta usukani ni wa kweli, humwambia mwenyewe kuwa ni takataka, kisha hujitolea kumsaidia kuutupa.

Asubuhi ile alikwenda Rusimbi kwa Bibi Verediana, mjane wa Castory. Huyo Castory alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na Mustang ya mwaka sitini na saba, na alifia ndani ya gari hilohilo mwaka sabini na nane, hapo uani, mkewe akiwa amesafiri msibani. Tangu hapo Verediana hakulala nje ya nyumba ile hata siku moja. Mwanawe wa pekee alizikwa Kasulu bila yeye. Watu wakasema mama gani yule, ana moyo wa jiwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe fundi wa kunusa?"

"Ndimi."

"Basi nusa. Mbwa naye hanusi kwa salamu."

Gari lilikuwa chini ya kibanda cha bati, halina magurudumu, bodi imeliwa na kutu. Usukani peke yake ndio uliong'aa. Mbao, spoku tatu. Hamdani aliinama, mate yakamjaa kinywani. Usukani wa kuigiza ribiti zake, vile vipini vya chuma vya kukazia mti, ni urembo, zimebandikwa mbele tu. Hizi zilitoboa mti zikatokea nyuma. Wa kuigiza mishipa ya mbao imechorwa, hujirudia. Hii haikujirudia popote. Nyuma ya kitovu namba zilipigwa kwenye chuma, moja imekaa upande. Mwigaji hupanga vizuri kuliko mwenyewe. Huu ulikuwa wenyewe.

Kitu kimoja tu hakukielewa. Kulia na kushoto, mti ulikuwa umebonyea pahala pa viganja. Akagusa. Palikuwa na joto, na gari limekaa kivulini tangu alfajiri.

"Enhe," akasema Verediana. "Ndio ule alioushika Castory, au siyo?"

"Pole, bibi yangu. Walikuibia zamani wakakuwekea feki."

"Sema nisikie. Siyo wa Castory?"

"Siyo."

"Mara ya tatu, masikio yangu yamezeeka."

"Wallahi siyo."

Bibi akacheka. Meno yalikuwa machache, lakini aliyatoa yote nje. "Basi chukua. Sitaki hata shilingi yako. Ila ung'oe mwenyewe."

Hamdani alipokuwa akifungua nati, alimsikia ndani akikunja kanga zake, anaimba.

Saa sita kasoro alikuwa dukani kwake. Aliulaza usukani juu ya meza, akaupiga picha, akamtumia Bonifasi, dalali wake wa Dar. Bonifasi alipiga simu palepale.

"Kaka, mwambie huyo mzee atoe mikono. Mteja anataka kuona ribiti."

"Mzee gani?"

"Huyo aliyeushika."

Hamdani aliitazama picha. Meza. Usukani. Basi. Akapiga nyingine, akatuma.

"Bado kaka. Na mwambie asiukaze hivyo, ataupasua. Kucha zenyewe ndefu!"

Dukani hapakuwa na mtu.

Hamdani akajisemea Bonifasi analeta utani. Lakini mtu akitiwa shaka na utani, ujue ameshaogopa. Akaamua kufanya jaribio la mwisho, la mafundi wa Ujiji: sindano ya moto. Ukichoma plastiki, itanuka plastiki. Ukichoma mti, utanuka moshi wa mti. Aliishika sindano kwa koleo juu ya kiberiti hadi ikawa nyekundu. Akachoma pale palipobonyea.

Ikanuka ukucha.

Akachoma upande wa pili. Ikanuka kama mbuzi anayebabuliwa.

Viganja vikamuuma. Akavifunua. Kila kimoja kilikuwa na kitundu, cheusi, kinatoa moshi.

Msikitini adhuhuri ikaadhiniwa. Mikono yake ikainuka. Hakuiinua yeye.

Yunisi alimkuta alipomletea ugali na samaki, migebuka. Alikuwa amekaa kwenye stuli. Ameushika. Macho mbele. Mguu wa kulia unakanyaga sakafu, unaachia, unakanyaga.

"Nitoe," alinong'ona.

Yunisi akamvuta kiunoni. Akavuta tena. Mikono ikatoka.

Ngozi ikabaki.

Yunisi aliifunga mikono ile kwa kanga, akamhoji alikoutoa usukani, akakodi bajaji mpaka Rusimbi. Alimkuta Verediana mlangoni amekalia mfuko wake wa safari.

"Umempa nini mume wangu, bibi?"

"Alichokitaka. Castory wangu alikaa juani siku tatu ameugandia. Nilipombandua, ngozi ilibaki. Nikapaka vanishi juu, ningefanyaje? Toka siku hiyo kila adhuhuri lazima ushikwe. Usipoushika, unakushika wenyewe. Mganga akaniambia hautoki kwangu mpaka aje mtu anayejua kuwa ndio wenyewe, aukane mara tatu. Mafundi kumi na mmoja wamekuja hapa, mwanangu. Wakweli wote, wajinga wale! Nilikuwa natafuta mwongo mmoja tu."

"Bibi, Hamdani ana watoto."

"Na mimi nilikuwa na mmoja."

Akaingia kwenye bajaji ileile, akamwambia dereva stendi, basi la Kasulu.

Sasa ukipita Mwanga adhuhuri utamwona Hamdani kwenye stuli yake, na viganja vyake vyekundu visivyo na ngozi vimeushika usukani. Ikipita saa hiyo usukani humwachia, naye hutoka nje kuwakimbilia wapita njia. "Niangalizie, ndugu. Siyo wenyewe, eti? Sema siyo." Lakini habari imeshaenea. Hata wauza samaki, wanaokuapia kwa roho za mama zao kwamba dagaa wa mwezi jana ni wa leo, hapo hugeuka mawalii. "Ni wenyewe, mzee. Ndio wenyewe kabisa." Kisha hukaza mwendo. Mji huu haujapata kusema kweli kiasi hiki.

Juzi Yunisi aliufuta usukani vumbi, uso ameugeuzia ukutani. Kitambaa kikanata. Akalazimika kutazama. Kulia na kushoto zilikuwa alama anazozijua, za Castory na juu yake za mumewe. Juu kabisa ya duara palikuwa na viganja vingine viwili, vidogo, vya mtoto ambaye hata kutembea hajajua vizuri.

Mtoto wao wa mwisho ana miaka kumi; anayefuata bado yumo tumboni mwa Yunisi. Na vanishi ya pale juu ilikuwa bado mbichi.