Gauni la Kuingia Nalo Majini

Harusi ilikuwa ya watu tisa tu, na ilipofika saa tisa na dakika ishirini alasiri walikuwa wamebaki wanane. Bibi harusi alikuwa bwawani, kifudifudi, na gauni lake jeupe limelowa na kumlemea.

Bwawa lenyewe lilijengwa kwa mawe ukingoni mwa bahari, nyuma ya nyumba ya wageni yenye vyumba vitano. Bahari ikipanda, linajaa lenyewe. Upande mmoja lina ngazi na maji ya magotini. Upande wa pili ni ukuta ulionyooka, unaoteleza kwa mwani, na maji yanampita mtu mzima kimo. Bibi harusi alikutwa upande huo wa pili.

Aliyemkuta ni mpiga picha. Alipiga ukelele, bwana harusi akaja mbio, wakamvuta kwa mkono na kumlaza juu ya mawe. Hakuwa na pumzi.

Inspekta alifika saa kumi na dakika tano, muda ambao kadi za mwaliko zilisema maharusi watakuwa wanavishana pete. Alikuwa mwanamke mnene, amevaa viatu vya raba, na watu wa kituo chake walimwogopa kuliko wahalifu walivyomwogopa. Viti tisa vilikuwa vimepangwa mchangani kuelekea baharini. Alivipita bila kuvitazama, akapiga magoti kando ya maiti pamoja na daktari.

"Kuna alama za vidole mabegani," alisema daktari. "Alisukumwa, halafu akashikiliwa. Na tazama kucha."

Kucha sita zilikuwa zimekatika, na ndani ya zilizobaki mlikuwa na mwani wa kijani. Inspekta alizitazama kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo daktari hakulitegemea. Aliinua pindo la gauni, akaligeuza, akalifuata kwa kidole kuanzia mbele hadi nyuma.

"Kazi safi," alisema.

Aliwakusanya wote kwenye chumba cha kulia. Mama wa marehemu, fundi cherehani mstaafu, alikaa wima, vidole vyake vilivyopindwa na baridi yabisi vimelala mapajani. Pembeni yake alikaa binti yake mkubwa, fundi pia, ambaye wote pale walimwita Dada. Bwana harusi alisimama dirishani. Suruali yake ilikuwa imelowa.

"Pole zangu mtazipata mkishaniambia ukweli," alisema Inspekta. "Kwa sasa sina hata moja."

Alianza na mpiga picha, barazani, peke yao.

"Ulikwenda bwawani kufanya nini?"

"Kazi, afande. Tuliahidiana saa tisa na robo. Nilichelewa kidogo kwa sababu ya betri."

"Kazi gani, na ndoa ni saa kumi?"

Mpiga picha akajikuna shingo. "Alitaka picha za majini. Aingie na gauni, alowe mpaka kichwani, mimi nipige. Siku hizi watu wanazipenda. Aliniambia ni siri."

"Alowe, kisha aolewe na gauni lililolowa?"

"Alisema hilo nisijali."

"Mara ya mwisho ulimpiga picha saa ngapi?"

Alimwonyesha kwenye kamera. Saa nane na dakika tano, mlangoni pa chumba chake, anacheka, ameinua gauni kidogo kuonyesha viatu. Inspekta aliikuza picha mpaka pindo likajaa kioo. Lilikuwa limepigwa bandi tu, kwa uzi mwekundu wa muda, mishono mirefu ambayo fundi huing'oa akishamaliza kazi. Akashusha pumzi kwa kuridhika, na mpiga picha akadhani amependa picha.

Kuanzia saa nane na dakika kumi mpiga picha alikuwa bustanini na wazazi wa bwana harusi, na picha arobaini za wazee hao wakiwa wamesimama kama wameganda zilikuwapo kuthibitisha.

Akaitwa bwana harusi.

"Mligombana wakati wa chakula."

"Nani amesema?"

"Watu wanane kwenye meza moja, kijana. Tuliza akili. Mligombania nini?"

"Gauni." Alitamka neno hilo kwa shida. "Alikuwa na mpango wa picha. Nilimwambia si haki, amuulize kwanza dada yake. Akanicheka, akasema eti mimi naoa ukoo mzima."

"Suruali imelowaje?"

"Nilikuwa na hasira. Nilitembea ufukweni kule mwisho, ndani ya maji. Nikarudi niliposikia ukelele."

"Alikuona nani?"

"Hakuna."

Mpiga picha alishathibitisha kwamba suruali ililowa kabla ya kumvuta marehemu. Inspekta alimtia pingu bwana harusi na kumkalisha barazani, mbele ya wazazi wake, siku yake ya harusi, nguo ya harusi mwilini. Mama yake alianza kulia. Inspekta hakumwambia yeyote kwamba haamini hata kidogo kuwa ni yeye. Alitaka mtu fulani aone jinsi pingu zilivyo kwenye mikono ya asiye na hatia, na alimtumia kijana yule bila kumuonea haya.

Dada aliingia akiwa amevaa nguo yake ya sherehe, ya hariri ya bluu, nywele zimebanwa vizuri.

"Gauni ulishona wewe?"

"Ndiyo. Miezi mitatu."

"Pindo ulimaliza lini?"

"Leo. Saa saba na nusu, baada tu ya chakula. Nikampelekea chumbani kwake, sikumwona tena."

"Una hakika na saa?"

"Fundi anajua saa zake, afande."

"Halafu?"

"Nilikuwa na mama chumbani. Kuanzia saa nane tulikuwa tunanyoosha nguo. Muulize."

Alimuuliza. Mama alijibu neno kwa neno, kwa mpangilio uleule, na hata akaongeza *muulize na yeye*.

Inspekta akaenda jikoni kwa mwenye nyumba, mama mmoja mwenye funguo kiunoni asiyependa vitu vyake vichezewe.

"Pasi? Ninayo moja tu. Yule mama wa bibi harusi aliniomba saa tisa kasoro kumi. Naikumbuka saa kwa sababu binamu wa bwana harusi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujaribu spika zake, nyumba nzima inatetemeka, mtu hasikii hata anachowaza. Nikamwambia mama, ukimaliza nirudishie. Akanirudishia saa tisa na dakika kumi." Akaitoa kabatini, akakunja uso. "Na amenichafulia. Tazama."

Kwenye uso wa pasi kulikuwa na utando mweupe. Inspekta aliukwangua kwa ukucha, akauweka ulimini.

Katika chumba cha mama na Dada kulikuwa na kabati moja. Ndani yake ilining'inia blauzi ya kazi ya pamba, ya kijivu, ile ambayo Dada aliivaa wakati wa chakula. Ilikuwa imenyooshwa kama inakwenda dukani, kola imelala, mikono haina hata mkunjo. Juu kidogo ya kiwiko, kwenye mikono yote miwili, kulikuwa na mstari mwembamba mweupe. Mtu mwingine angeikunjakunja blauzi iliyolowa na kuisukuma chini ya kitanda. Angeitupa baharini. Mafundi hawa wawili hawakuweza kuacha nguo ikiwa na mikunjo.

Chumbani kwa marehemu alikuta gauni la pili, jipya, karatasi ya dukani bado ikining'inia begani.

Saa kumi na mbili kasoro robo aliwarudisha wote chumba cha kulia. Bwana harusi aliingizwa na pingu zake. Mama alimtazama mkwe wake mara moja tu, kisha akatazama pembeni.

"Huyu namchukua," alisema Inspekta. "Atakaa ndani miaka mingi. Kuna mwenye neno?"

Dada alikuwa akilinyoosha pindo la kitambaa cha meza kwa kidole gumba, taratibu.

"Basi neno ninalo mimi. Saa nane na dakika tano gauni lilikuwa na bandi nyekundu. Ninayo picha. Maiti imetolewa majini ikiwa na pindo lililomalizwa, mishono midogo isiyoonekana kwa nje, kuzunguka gauni zima. Hiyo ni kazi ya nusu saa kwa fundi mzuri, na mvaaji hawezi kulipinda mwenyewe akiwa amesimama. Kwa hiyo kuanzia hapo mpaka karibu saa tisa kasoro robo, kuna mtu alikuwa amepiga magoti miguuni pa bibi harusi na sindano mkononi. Bwana harusi hawezi kushona hata kifungo. Halafu, aliyemshikilia alikuwa juu ya ukuta, ameinama. Mtu wa namna hiyo halowi suruali. Analowa mikono, mpaka juu ya kiwiko."

Akaiweka blauzi mezani.

"Maji ya chumvi ukiyapiga pasi yanakauka. Chumvi haiendi popote."

"Ni mimi," alisema mama.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anaitika jina lake.

"Nilimshonea mimi. Nilimsukuma mimi. Nilivaa blauzi ya mwanangu. Muache kijana wa watu, afande, unichukue mimi."

Inspekta alikuwa ameshajiandaa kwa hilo. Alitoa mfukoni sindano na uzi, akaviweka mbele yake.

"Tunga."

Mama aliishika sindano kwa vidole vile vilivyopinda. Ikaanguka. Akaitafuta juu ya kitambaa, akaipata, akaulamba uzi. Ukapita pembeni ya tundu. Akajaribu tena, na tena, watu wanane wakimtazama, mate yakimtiririka kidogo kwenye kidevu kwa sababu alikuwa ameuma ulimi. Inspekta aliangalia saa yake ya mkononi. Alimwacha aendelee dakika nne nzima. Ulikuwa ukatili, na aliujua.

"Mwacheni," alisema Dada.

"Nyamaza," alisema mama.

"Mama, weka chini." Dada aliichukua sindano, akaitunga bila kutazama, akaichomeka kwenye kitambaa cha meza. "Kile kitambaa cha gauni kilikuwa changu. Nilikinunua miaka minane iliyopita, nilipokuwa naolewa mimi. Yule mtu hakutokea. Wote mnajua. Nikakiweka. Mwaka huu mdogo wangu akanipigia magoti, dada, nipe niolewe nacho, angalau kifike kwenye ndoa. Nikampa. Leo ananiita bwawani, anasema limemzidi urefu, atajikwaa kwenye mawe. Nikapiga magoti kwenye yale mawe nusu saa nzima, nikalipinda lote. Nilipokata uzi akaniambia asante, sasa linafaa. Nikamuuliza, linafaa nini? Akasema, la kuingia nalo majini. La ndoa amenunua dukani. Akasema hili lina mkosi, dada, nani angeolewa nalo kweli? Akacheka."

Aliuvuta uzi wa sindano mpaka ukanyooka.

"Nikamwambia kama ni la majini, basi ingia."

Bwana harusi alifunika uso kwa mikono yake iliyofungwa. Inspekta alimwendea, akamfungua pingu, na hakumwomba radhi.

"Akaja kwangu amelowa mikono," alisema mama haraka, akimgeukia Inspekta. "Nilikuwa navaa. Nikamuuliza mdogo wako yuko wapi, akasema amekwisha, mama. Ningefanya nini, mwanangu? Nilikuwa nao wawili. Mmoja amekwisha. Nikafunga mlango, nikamvua blauzi, nikaomba pasi. Aliyekufa ameshakufa. Nilikuwa naokoa aliyebaki. Wewe ni mwanamke, unanielewa."

"Ulinyoosha kwa dakika ngapi?"

"Sijui. Ishirini."

"Binti yako alikatika kucha sita," alisema Inspekta. "Chini ya zilizobaki kuna mwani wa ukutani. Ukutani, mama, juu, pale maji yanapoishia. Daktari anasema aliyeshikiliwa mpaka akafa hapati nafasi ya kuparua ukuta namna ile. Aliachiwa akiwa hai. Alining'inia, gauni linamvuta, anateleza, anashika tena. Robo saa, pengine zaidi. Kutoka mlango wenu mpaka bwawani nimehesabu hatua hamsini na mbili."

Mama hakulia. Alimgeukia binti yake polepole, akamtazama kana kwamba anatafuta kasoro kwenye nguo.

"Uliniambia amekwisha."

Dada aliing'oa sindano kwenye kitambaa cha meza.

"Ulipomwacha alikuwa hai?"

"Alikuwa ameshika jiwe."

"Na mimi niko chumbani napiga pasi." Mama alilitamka kwa utulivu, apate kulisikia mwenyewe. "Ule muziki. Sikusikia kitu kwa ule muziki. Aliita?"

"Mama, basi."

"Nimekuuliza. Aliita?"

"Aliita."

"Alimwita nani?"

Dada alitazama mikono yake.

"Wewe," alisema. "Mimi nilikuwa palepale, mbele yake, na hakuniita mimi. Alikuita wewe tu."