Zamu ya Kumuuguza Mhina

Siku ambayo mumewe alirudi, Chausiku aliamka mapema. Alifagia uwanja, akachambua mlenda, akaongeza maji ya mvua kwenye pipa mpaka mdomoni. Pipa lile aliliweka mbele ya mlango, wazi kabisa, ili kila mtu anayepita Kwedizinga aone kwamba na yeye ana maji.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa simtanki. Mhina alikuwa na wake wawili. Chausiku, mke mkubwa, alikaa Kwedizinga na kulima mahindi. Ikram, mke mdogo, alikaa Korogwe mjini na kuuza machungwa ya shamba la Mhina. Wiki moja mume yuko huku, wiki nyingine yuko kule. Mwaka jana Mhina alimnunulia Ikram simtanki jipya la kuhifadhia maji, lenye mfuniko. Chausiku akapata pipa kuukuu la bati. Kwenye simu yake, namba ya Ikram aliihifadhi kwa jina la "Usipokee".

Mchana Mhina alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa koti juani. Macho yalikuwa mekundu. Alitembea ameshika kiuno.

"Una nini, Baba Mwanaisha?" Mwanaisha alikuwa binti yao, aliyeolewa Kwaluguru.

"Homa. Viungo vinauma, na nyuma ya macho kunauma. Jana Ikram alinipeleka kituo cha afya cha mjini kupima. Malaria sina. Wanasema ni dengi."

"Dengi ndiyo nini?"

"Homa ya mbu. Aliyeelezwa vizuri ni Ikram, mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi. Alitaka nibaki kwake mpaka nipone. Nikamwambia zamu ni zamu."

Chausiku alifurahia maneno hayo kuliko alivyosikitikia ile homa.

"Na dawa kakupa gani?"

Mhina akatoa vidonge vya paracetamol na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji.

Chausiku akacheka kwa pua. "Mume anawaka kama jiko, anapewa vidonge vya kichwa na maji. Machungwa anauza yeye, dawa ya maana inamshinda."

"Wamesema ndivyo inavyotibiwa."

"Wamesema, au kasema Ikram?"

Simu ikalia. Chausiku akaitazama. *Usipokee.* Akailaza kifudifudi kwenye mkeka, ikalia mpaka ikachoka.

Kisha akaenda duka la dawa kwa Mashavu.

"Mgonjwa kapimwa?" Mashavu aliuliza.

"Kapimwa Korogwe, wakampa paracetamol. Mimi nipe mseto wa malaria, na dawa kali ya maumivu. Kali kuliko ya huko."

Mashavu hakuuliza zaidi. Akampa mseto na diklofenaki. Chausiku akamnywesha mumewe dawa zote mbili na uji wa moto. Baada ya muda maumivu yalipungua, Mhina akasinzia. Chausiku alisimama mlangoni akatamani Ikram apite amwone alivyolala vizuri.

Kesho yake homa ilikuwa imeshuka. "Nimemponya mwenyewe," Chausiku alimwambia Rosa, jirani yake, wakiwa bado wanasalimiana.

Lakini Mhina alipopiga mswaki, alitema damu. Akasukutua, akatema tena damu. Kufika saa nne fizi zilikuwa zinavuja zenyewe, tumbo linamkata, na hata maji yalikuwa hayakai tumboni.

Simu ikalia. *Usipokee.* Chausiku alilitazama lile jina, akamtazama mumewe aliyejikunja kitandani. Akapokea.

"Shikamoo, dada," Ikram alisema haraka. "Usikate, nakuomba. Anaendeleaje?"

"Fizi zinatoka damu. Tumbo linamuuma, anatapika."

"Kanywa dawa gani?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Angeweza kusema paracetamol tu. Lakini Mhina alikuwa anaguna kama mtoto.

"Mseto," Chausiku alisema. "Na diklofenaki."

"Hiyo diklofenaki ndiyo waliyoikataza, dada. Ndiyo maana nilikuwa nakupigia." Ikram hakupandisha sauti. Angetukana, Chausiku asingeumia sana. "Mlete sasa hivi. Njoo na pakiti za dawa zote alizokunywa. Mimi natangulia kituoni."

Rosa akawaitia gari. Walipofika kituo cha afya, Ikram alikuwa ameshawaambia wahudumu, na kitanda kimeandaliwa. Mhina akatundikiwa maji. Hilaria, mtaalamu wa maabara, akachukua damu yake ili aangalie kama chembe zinazosaidia damu kuganda zimeshuka. Alipomaliza aliwakuta wake wawili wamekaa kwenye benchi moja, mmoja mwanzo na mwingine mwisho.

"Chembe zimeshuka, lakini amewahishwa," alisema. "Mngechelewa zaidi, tungekuwa tunaongea mengine."

"Homa si ni homa?" Chausiku aliuliza. "Kupima kunasaidia nini?"

"Kunasaidia kujua cha kumpa na cha kumnyima. Malaria na dengi zote zinaletwa na mbu, zote zinachoma mwili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hata mimi siwezi. Kwa hiyo tulichukua damu kidogo, tukapima malaria, tukapima na dengi. Ni vipimo vya haraka. Majibu yalitoka mgonjwa akiwa hapo hapo kwenye benchi."

"Na mseto?"

"Mseto unaua vimelea vya malaria. Dengi ni kirusi, mseto haukigusi. Hakuna dawa ya kukiua. Tunashusha homa kwa paracetamol, kwa kiasi alichoelekezwa mgonjwa. Anakunywa maji mengi, uji, madafu, anapumzika, mwili unapigana wenyewe. Lakini diklofenaki, aspirini na brufeni usimpe. Zinaweza kumfanya avuje damu."

"Ila homa ilishuka," Chausiku alisema taratibu.

"Hapo ndipo pa kuwa macho. Wengine huzidiwa homa ikishashuka. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu, akilegea au akihangaika, usingoje kuche." Hilaria akawatazama wote wawili. "Mbu huyu anauma mchana. Nyumbani maji mnaweka wapi?"

"Kwenye simtanki," Ikram alijibu. "Lina mfuniko."

Chausiku alijua simtanki litatajwa tu. "Mimi nina pipa," alisema. "Lakini maji yangu ni safi. Mbu huyo katoka huku kwenu mjini."

"Anataga kwenye maji safi yaliyotulia. Pipa, ndoo, tairi, hata kifuu. Nenda kaangalie."

Chausiku alirudi kuchukua nguo za mgonjwa. Kabla ya kuingia ndani akainama juu ya pipa. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wanacheza kwenye yale maji safi, wanapanda na kushuka. Labda Mhina aliumwa na mbu wa Korogwe. Labda wa hapa. Lakini hawa aliwafuga mwenyewe, mbele ya mlango, ili watu waone.

Alimwaga maji yote mchangani. Akasugua pipa ndani kwa brashi, maana mayai hushika ukutani. Tangu siku hiyo analisugua kila wiki, na analifunika kwa kitambaa kizito alichokifunga kwa mpira.

Kule kituoni waligawana zamu, mmoja mchana, mwingine usiku. Wakikutana asubuhi wanaambiana: kala nini, kanywa dawa gani, kakojoa au hajakojoa. Mhina alipopata nguvu ya kukaa, aliwasikiliza akashangaa.

"Kumbe mpaka niumwe ndiyo mnaongea?"

"Usizoee," Chausiku alimjibu.

Mhina alipona. Mvua za masika zilipoanza, simu ya Chausiku ililia akiwa shambani. Jina bado lilikuwa lile lile, *Usipokee*. Akapokea.

"Shikamoo, dada. Leo ni mimi nina homa."

"Marahaba. Umekunywa nini?"

"Maji tu."

"Nenda kapime kwanza. Ukipata majibu nipigie, uniambie na walichokataza."

"Sawa, dada."

"Na lile simtanki umelifunika?"

"Mfuniko umepasuka. Tangu juzi."

Chausiku alitabasamu peke yake katikati ya mahindi. Alijiruhusu kutabasamu hivyo mara moja tu, kisha akaweka jembe begani.

"Langu limefunikwa," alisema. "Nakuja na kitambaa."