Sala ya Macho Wazi na Meza Inayozunguka

Nilikuwa katikati ya kuombea chakula nilipouona mkono wa mwanamke kwenye paja la mchumba wa binti yangu.

Haukuwa mkono wa binti yangu.

Ulikuwa wa dada yake huyo mchumba. Yaani yule tuliyeambiwa ni dada yake, baba mmoja mama mmoja...

Sauti yangu haikutetereka. Niliendelea kumshukuru Mungu kwa wali, kwa tambi, kwa mikono ya waliopika, huku macho yangu yako wazi kama dirisha la jikoni.

Najua mtauliza, mama gani huyu anayeomba bila kufumba macho? Niwajibu kabisa tuendelee. Siku ya msiba wa mume wangu, tulipofumba macho kumwombea, redio yake ilikuwa juu ya kabati. Tulipofumbua, lilibaki kabati. Tangu siku hiyo naongea na Mungu macho makavu, na hajawahi kulalamika.

Sasa turudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni mjane, nashona mapazia kwenye kibaraza cha nyumba yangu, pale kona panapopita watu wote. Kibaraza hicho mume wangu alikijenga kwa mikono yake. Nina binti mmoja tu, anauza kwenye duka la dawa.

Huyo mchumba alipoanza kuja kwetu, binti alimsifu kwa neno moja. "Mama, ni mstaarabu."

Basi nami nikamwita hivyo hivyo, Mstaarabu. Ananyoosha kola kila akipita kwenye kioo. Akikusalimia anakutazama bega, si uso. Akija kwangu hakai ndani. Anasimama kibarazani, anakipima kwa macho kutoka nguzo hadi nguzo, anasifia mwanga. Kijana gani anakuja kuposa anasifia mwanga?

Nilimwambia binti yangu kwamba moyo wangu umemkataa. Tukabishana mwaka mzima. Alisema hata malaika akishuka na barua ya posa nitamkagua mabawa. Mwisho tukakubaliana hivi: hataolewa bila neno langu, lakini na mimi sitasema hapana kwa sababu ya kola. Nikisema hapana, niwe nimeona kitu.

Ndipo Mstaarabu akatualika chakula, ili nimpe neno. Binti ndiye aliyechagua mahali, mkahawa mdogo wa Kichina na Kithai mtaani kwetu, katikati ya fundi simu na saluni. Mkahawa wa kawaida tu. Viti vya plastiki, taa nyekundu za karatasi, na kwa keshia kisanamu cha paka wa dhahabu anayepunga mkono bila kuchoka.

Mstaarabu alikuja na huyo dada. Tukafundishwa kumwita Wifi. Alikuwa na kope ndefu kama ufagio, na simu ambayo haikutoka mkononi. Alipiga picha mlango, akapiga picha paka, akajipiga picha na vijiti vya kulia ambavyo hakuvitumia hata kidogo.

Meza yetu ilikuwa ya duara, na juu yake kioo kingine cha duara kinachozunguka. Unakisukuma, chakula kinakufuata ulipo. Mstaarabu akanieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto, kwamba Mama usiogope, kinazunguka chenyewe.

Mimi! Ninayekanyaga cherehani ya gurudumu tangu huyo hajaota meno.

Mstaarabu alimwita mhudumu kwa kupiga vidole, mhudumu hakugeuka. Akapiga tena. Aliyempungia mkono ni yule paka peke yake.

Wali wa kukaanga ukaja, tambi zikaja, kamba wakaja na mikia yao. Kila mtu akapakua. Binti yangu akaniinamia sikioni. "Mama, tuombee. Omba vizuri, usiharakishe."

Hapo ningepaswa kushtuka. Huyu mtoto tangu akiwa mdogo hunifinya niseme amina chakula kisipoe.

Lakini nikaomba. Na nikaona.

Kwanza niliona vidole. Wifi, macho yamefumbwa, kichwa kimeinama kwa adabu, aliingiza mkono kwenye sahani ya Mstaarabu na kuanza kuchambua majani ya giligilani. Jani moja, jani jingine, yote akayaweka pembeni. Hakuangalia. Na Mstaarabu hakushtuka, alivuta tu kiwiko kidogo kumpisha, kama mtu aliyezoea kupishana mahali hapo.

Ndugu zangu, nilimtolea mume wangu miiba ya samaki miaka yote ya ndoa yetu, huku naongea na jirani dirishani. Mkono wa mke hauangalii. Unajua njia.

Alipomaliza, akajifuta vidole kwenye suruali ya Mstaarabu. Juu kabisa, pajani. Na mkono ukakaa huko.

Dada gani anajifuta hapo?

Nikasema amina. Wote wakaitikia, Wifi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mkono si ushahidi. Ningeambiwa mjane ana wivu, mjane ana mawazo machafu. Nikachukua wali wangu nikatafuna.

Mstaarabu alianza hotuba. Kwamba yeye ni yatima, kwamba duniani wamebaki wawili tu, yeye na dada yake. Kwamba hajawahi kumweka mwanamke ndani, anamsubiri binti yangu kwa usafi. Wifi alitikisa kichwa kuunga mkono, akaongeza kwamba kaka yake anaishi kama padri. Nilimtazama huyo padri, amejaza kamba mashavuni.

Akafuta mdomo akasema, "Mama, usiku huu usiishe bila neno lako."

Binti yangu alinitazama. Usoni hana cheko, hana machozi. Nilijua nikisema ndiyo, naye atasema ndiyo, na kola ile itaingia nyumbani kwangu hadi nife.

Wakati huohuo mhudumu akaleta bakuli la mwisho. Sikukumbuka nani aliliagiza. Supu nyekundu, ina mchaichai na ndimu, inafuka hadi macho yanawasha, na juu yake zinaelea pilipili ndogo za kijani. Mhudumu alituonya taratibu kwamba hizo za kijani haziliwi, ni za kutoa ukali tu, tuziweke kando. Mimi nilisikia. Binti alisikia. Wifi alikuwa anajipiga picha.

Nikaweka kidole kwenye kioo. Nikasukuma.

Supu ikazunguka taratibu, ikampita Mstaarabu, ikasimama mbele ya kope.

"Wifi," nikamwambia, "wewe ndiye mgeni wetu. Anza wewe."

Alitabasamu kama mtu anayestahili. Akachota, na katika kijiko chake zilikuwamo pilipili tatu za kijani. Alidhani ni maharage machanga. Akazitafuna zote kwa pamoja.

Kwanza ukope mmoja wa bandia ukabanduka ukaangukia tambi. Halafu akashika koo, akakamata shati la Mstaarabu kwa mikono miwili, na lugha ya nyumbani ikamtoka.

"Baba Pacha, maji! Baba Pacha, nakufa!"

Na Mstaarabu akaitika. "Nakuja, mama!"

Msikie vizuri. Angeshangaa, ningeweza kusema mwanamke kachanganyikiwa na pilipili. Lakini aliitika upesi, kama mtu anayeitwa hivyo kila siku kutoka bafuni. Alikuwa tayari amesimama, jagi la maji mkononi, ndipo akili ikamfikia. Akaganda hapohapo, jagi linammwagikia kiatuni.

Paka anapunga.

Nikauliza taratibu, kwa heshima zote, "Hao pacha ni wa kike au wa kiume?"

Wifi, ulimi nje, machozi mashavuni, akanijibu. "Mmoja mmoja."

Mungu nisamehe, nilicheka. Nilicheka hadi nikajifuta kwa kitambaa cha meza.

Mstaarabu akaanza kupanga maneno. Eti Baba Pacha ni jina la utani la mpirani. Eti dada yake akiumwa huwa anaweweseka. Nikamwambia akae chini, supu bado ipo na meza bado inazunguka, nikiisukuma tena sijui tutasikia nini.

Akakaa.

Aliyemaliza kazi ni mkewe. Mdomo umemvimba, na nadhani hasira ya ule moto alitaka kumpa mtu. Alisema kila kitu kama anayejitetea. Kwamba hawakuwa na nia mbaya na binti. Kwamba mume alimwahidi ni ndoa ya mwaka mmoja tu, akishakuwa mkwe aniombe kibaraza cha kona afungue duka, duka likisimama binti ataachwa kwa amani, naye atarudi kwa wanawe. Alisema "kwa amani" akinitazama usoni, kama anategemea nimshukuru.

Kumbe kilichokuwa kinaposwa ni kibaraza! Mwanangu alikuwa mlango tu wa kupitia.

Nimeona wezi, maana nimefiwa. Aliyebeba redio ya marehemu walau aliibeba mwenyewe, kichwani mwake, akatoka jasho. Huyu alitaka kubebewa nyumba na mkewe upande mmoja na binti yangu upande wa pili, yeye ananyoosha kola.

"Uliniomba neno," nikamwambia. "Neno langu ni hili: nenda kalee."

Alinyanyuka akaondoka bila kuaga, kiatu kimoja kinalia maji. Mkewe alibaki nyuma kidogo. Mnajua alibaki kufanya nini? Alimwomba mhudumu mfuko, awafungie pacha tambi zilizobaki. Mbele yangu! Nilitaka kusema kitu kikali, nikakimeza. Watoto hawakutuma mtu. Nilimfungia mwenyewe, nikaongeza na kamba, ukope wake nikauacha mezani.

Nikamwita mhudumu nilipe, maana niliona jinsi Mstaarabu alivyoukimbilia mlango. Mhudumu akasema imeshalipwa. Dada huyu hapa alilipia meza nzima alasiri, alipokuja kuagiza chakula na ile supu.

Dada huyu hapa. Binti yangu.

Nilimtazama. Akaanza kukusanya vijiti mezani, akavipanga sawasawa kama anapanga dawa.

Tulipotoka akanishika mkono, tukatembea hadi karibu na nyumbani ndipo akasema. Kwamba mwezi uliopita Wifi alikuja dukani kwake kununua dawa ya kifua ya kaka yake, akamweleza kwamba jamaa akilalia kushoto anakoroma, akilalia kulia anakohoa.

"Mama, dada gani anajua hayo?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nikae meza moja na ile kola.

"Nilikubishia mwaka mzima, Mama. Nilikosa mdomo wa kukuambia ulikuwa sahihi. Nikasema acha uone mwenyewe, na macho yasipotosha pilipili itawasemesha, useme hapana wewe, mimi nilie kidogo, yaishe."

"Ungejuaje kwamba nitaona?"

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Mama, tangu niko mdogo nakuona unaomba macho wazi. Unadhani nilikwambia uombe vizuri kwa ajili ya tambi?"

Nilisimama barabarani. Miaka yote hiyo nimejiona mlinzi wa nyumba, kumbe kila sala niliyoomba nikiwaangalia watu, kulikuwa na mtoto upande wa pili wa meza anaomba hivyohivyo, ananiangalia mimi.

Ninyi mnaosoma, wenye mabinti, wenye wachumba, wenye ndugu wapya wanaoletwa mezani wakiwa na vyeo vya kupewa: msihangaike na hotuba. Mtu anaikariri hotuba hata mbele ya kioo. Tazameni mikono wakati hakuna anayetazama. Na kama mkono haukutosha, agizeni supu.

Jana jioni tulikula nyumbani, sisi wawili, wali na nyama. Nikamwambia aombe yeye.

Akaomba. Nami, kwa mara ya kwanza tangu ile redio itoweke, nikafumba macho.

Nilipofumbua, kipande changu cha nyama kilikuwa kwenye sahani yake.