Kioo Kwenye Ufa

Walikutana penye uzio wa stesheni mpya, pale watu walipobanana kupita tangu reli ya chini ya ardhi ilipowamezea njia yao. Bati la uzio lilimchana mpimaji wa kampuni ya reli suruali ya kaki kutoka mfukoni hadi gotini. Fundi cherehani, gauni la bluu limemkaa sawasawa, alicheka mpaka akaona haya.

"Njoo nikushonee," alimwambia, "mtaa mzima unakutazama."

Kumbe nyumba ya fundi ilikuwa kwenye orodha ya mpimaji, ya nyumba zilizochimbiwa reli chini yake. Ukuta wa chumba cha mama yake ulikuwa na ufa, na juu ya ufa huo mpimaji akabandika kipande chembamba cha kioo. Ukuta ukisogea, kioo huvunjika, na wenyeji huhamishwa siku hiyo hiyo. Kila asubuhi alikuja kukikagua. Kazi ya dakika moja, yeye ilimchukua saa nzima na vikombe viwili vya chai.

"Mpenzi, ukuta umeamkaje?" mpimaji aliuliza kwenye simu kabla ya kuja.

"Mzima. Asiye mzima ni mwenye ukuta."

Jumanne moja fundi alikikuta kioo vipande viwili. Amezaliwa humu, cherehani yake iko humu, wateja wanamjua hapa. Akakata kipande kwenye kioo cha fremu ya picha, akakibandika kwa gundi ya viatu. Mpimaji alipogusa, gundi ikamnata kidoleni.

"Kilivunjika?"

"Mama alikigonga na ufagio, mpenzi."

"Usiniite mpenzi sasa hivi. Mama analala chini ya ukuta huu."

"Na mashine zinazochimba huko chini ni za nani? Umekuja kunipenda au kunihamisha?"

Mpimaji akakubali la ufagio, akabandika kingine, akaondoka bila kugusa chai. Siku tatu akamtuma mwenzake.

Alasiri ya nne, mama amejilaza, fundi akasikia mlio mdogo, tik. Fremu bado ilikuwa na kioo cha kutosha kipande kimoja. Aliishika. Kisha akamtazama mama yake akikoroma, akachukua simu.

"Kimevunjika. Hata kile cha kwanza kilivunjika chenyewe. Nilikudanganya, niliogopa."

"Mtoe mama. Vitu viache. Nakuja."

Alifika anahema, akamkuta mama amekaa kitini barabarani, kanga mabegani, hasira usoni. Akaibeba cherehani mwenyewe, kisha akauchora mlango alama nyekundu ya nyumba iliyohamwa kwa mkono wake.

"Mtakaa wapi?"

"Kwa mama mdogo, ng'ambo ya stesheni."

"Nitakuja."

"Kufanya nini? Kule hakuna ufa."

"Kukuposa. Niambie tu nibishe mlango upi."

Fundi aliutazama mlango wenye rangi mbichi, machozi yakamtoka.

"Nilitaka ubishe huu," alisema.

Mpimaji akaweka brashi chini. Akaupiga mlango ule mara tatu, polepole, nyumba ikiwa tupu.

"Karibu," mama akaitikia kutoka barabarani.