Karatasi Sita za Jumapili

Krr-tik. Krr-tik. Krrr.

Kokushubila, au Koku kama alivyoitwa nyumbani, alifumbua macho gizani. Sauti ilitoka sebuleni, kwenye meza iliyo kando ya kabati la vyombo. Aliijua vizuri: ilikuwa printa ya mama ikijisafisha. Lakini leo ilikuwa Jumamosi, hata adhana ya alfajiri ilikuwa haijasikika pale Boko, na kazi ya kuiwasha printa asubuhi ilikuwa ya Koku, si ya mama.

"Imekataa tena!" mama alisema peke yake. "Jamani, nimeikosea nini mie hii printa?"

Mama yake, Benedicta, alikuwa akichapa picha kwenye vikombe na fulana. Picha hutoka kwanza kwenye karatasi maalumu. Kisha karatasi huzungushiwa kikombe na kubanwa kwenye mashine ya joto, mpaka wino ugeuke mvuke na kuzama kwenye kikombe. Wino huo una tabia moja mbaya. Printa ikikaa siku kadhaa bila kuchapa, wino hukauka na kuziba vitundu vya kichwa chake. Ndiyo maana Koku alipewa kazi. Kila asubuhi alitakiwa kuchapa karatasi moja ya majaribio yenye mistari ya rangi nne, kuiandika tarehe na kuiweka kwenye faili.

Wiki hiyo mama hakuwa na kazi nyingine, kwa kuwa alikuwa akisubiri vikombe vitupu. Vilifika Ijumaa jioni, thelathini, kwa ajili ya kumuaga Mwalimu Lusungu aliyekuwa akistaafu. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza ambayo shule ilimpa mama, na ilitakiwa Jumatatu.

Kulipopambazuka Koku aliona kikombe cha kwanza mezani. Uso wa Mwalimu Lusungu ulikuwa mwekundu kama nyanya iliyoiva.

Bi Zubeda, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alipita kutazama kazi ilipofikia. Koku akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bi Zubeda alikigeuzageuza kikombe. "Mama Koku, huyu ni mwalimu wetu au kaungua na jua? Mie niliwaambia wenzangu, kazi apewe mzazi mwenzetu. Usiniaibishe, mwanangu."

"Sitakuaibisha, mama yangu," mama alijibu, lakini machozi yalikuwa yamemlenga.

Bi Zubeda alipoondoka, mama aliifunga printa kwa shuka. "Twende Mwenge kwa Fundi Mudathir. Nibebee faili."

Faili lilikuwa jepesi, lakini Koku aliliona zito kama tofali.

Fundi Mudathir aliiwasha printa, akachapa karatasi moja, akaitazama. Mstari wa bluu haukuwepo kabisa. "Mnaichapisha kila siku?"

"Kila siku ya Mungu," mama alisema. "Binti yangu ndiye msimamizi. Faili hili hapa."

Fundi alifunua karatasi moja moja. Jumapili, safi. Jumatatu, safi. Jumanne, safi. Mpaka Ijumaa, mistari minne imenyooka bila hitilafu. Akatikisa kichwa. "Sista, hapa kuna tatizo. Jana bluu ilikuwa nzima, leo imekufa. Kichwa kinachoziba kwa usiku mmoja kimechoka. Printa hii si ya kuiamini tena. Niachie hii niitoe vipuri, nikupe ile kubwa pale, utaongeza hela kidogo."

Mama aliitazama printa kubwa iliyong'aa. "Wino wake unapatikana?"

"Wa kuagiza. Utasubiri wiki mbili, tatu."

"Na ikiharibika?"

"Hapo sikufichi, vipuri vyake ni vigumu. Lakini afadhali hiyo kuliko hii."

Mama aliigeukia ile aliyokuja nayo. Printa yake ndogo aliinunua kwa zamu yake ya upatu, baada ya kusubiri mwaka mzima. Koku alikumbuka jinsi walivyoicheka siku ile ilipofika, imevaa mfuko wa nailoni kama bibi harusi. Mama alishusha pumzi, akashika kalamu ili asaini karatasi ya mabadilishano.

"Mama, subiri!" Koku alidakia. "Hizo karatasi zote sita nilizichapa Jumapili. Tano niliziandika tarehe za mbele, nikazificha kwenye daftari la Sayansi. Kila asubuhi nilikuwa natoa moja naiweka kwenye faili, ili nilale kidogo."

Kalamu ilibaki hewani. "Si jana tu nilikuuliza, Koku, umechapa? Ukasema ndiyo!"

"Nisamehe, mama."

"Kumbe!" Fundi Mudathir alicheka kidogo. "Tulikuwa tunaihukumu printa ya watu bure. Imekaa siku sita bila kuguswa, lazima izibe."

Alikifungua kichwa, akakipitishia dawa ya kusafishia kwa bomba la sindano. Wakasubiri. Mara ya kwanza bluu haikuja. Mara ya pili ilikuja vipande vipande. Mara ya tatu mstari ulitoka mzima, na Koku akaanza kulia.

Mama hakumkemea tena mpaka walipofika nyumbani. Hapo akamkalisha karibu yake. "Sikiliza, mwanangu. Kama ni usingizi, ungeniambia, tungepanga saa nyingine. Printa haina mdomo. Karatasi ile ndiyo inayoisemea. Wewe uliisemea uongo, na mie nusura niitupe printa nzuri, wino wake upo, fundi wake yupo, nichukue ya mapambo tu. Mtu hawezi kuchagua vizuri akiwa amedanganywa. Ukikosea, niambie mapema. Nitakasirika, ndiyo, lakini tutarekebisha."

Jumapili mchana kutwa walichapa pamoja, Koku akifunga karatasi kwenye vikombe mpaka vidole vikamuuma. Jumatatu Bi Zubeda alikipokea kikombe, akakiinua juu. "Haya, huyu sasa ndiye Mwalimu Lusungu, na upara wake wote!"

Jumanne Koku alichelewa kuamka. Mswaki ukiwa mdomoni, sare haijapigwa pasi, alisikia sauti ya mama ikitoka jikoni: "Koku, umechapa?"

Aliitazama printa. Akalitazama faili. Akatoa mswaki mdomoni.

"Bado, mama, sijachapa."