Namba ya Adalbert

Asubuhi ile Gauthier alitoka nyumbani kwao, mtaa wa Bel-Air, tumbo likiwa limeshiba chai na mkate, mkoba wa kazi begani, akiruka madimbwi mekundu yaliyoachwa na mvua. Nyuma yake alikuja mdogo wake Abigaëlle, ameshika viatu vyake vipya mkononi ili visichafuke. Mama yao alisimama mlangoni akiwatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Alikuwa na furaha, maskini mama wa watu. Mwaka ule Goma ilianguka mikononi mwa waasi, na biashara za Lubumbashi zilikuwa zinafunga milango moja baada ya nyingine, lakini binti yake alikuwa amepata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ghala la Jérémie, mfanyabiashara kutoka Butembo, muuza unga na samaki wakavu wa Pweto kwa jumla. Zamani palikuwa na kelele za malori tangu alfajiri. Sasa nusu ya malori yalikuwa yamekwama huko Kivu, au yameungua, nani ajuaye. Ofisi ilijaa jamaa za patron, yaani bosi Jérémie, waliokimbia vita kwa kuzunguka nchi za watu, kila mmoja na kompyuta yake mgongoni. Gauthier, fundi wa mitandao, ndiye aliyembembeleza Jérémie amchukue mdogo wake. Jérémie alikubali, akampa meza ya Adalbert.

Sasa nisikilizeni vizuri. Adalbert alikuwa karani wa ghala lile, mtu wa Kabalo, mjukuu wa fundi wa reli, mcheshi ajabu. Akicheka aligonga meza kwa pete yake, ta-ta-ta. Habari za Goma zilipokuwa tayari mbaya, Jérémie alimwambia aende kule akaokoe mali iliyokuwa kwenye depo.

"Patron, kule kunawaka moto," Adalbert alisema.

"Njo maana unaenda mbio," patron akajibu.

Alikwenda, na kompyuta yake ndogo ndani ya begi. Mji ukaanguka. Hakurudi, hakupiga simu, wala mwili wake haukuonekana.

Mke wake, Laurentine, alitaka kufanya kilio. Kwa ukoo wao, marehemu analiliwa kwanza, kisha wakubwa wanamchagua mtu wa kumpyana, yaani kuchukua jina lake na fasi yake, ndiyo nafasi yake, mbele ya watu wote, ili marehemu apumzike. Na kama mtu amefia safarini, aliyemtuma lazima aje aseme kwa kinywa chake mwenyewe: nilimtuma, hakurudi. Bila neno hilo kilio hakianzi. Laurentine alimfuata Jérémie ofisini, kanga imefungwa kiunoni, akamwomba neno hilo moja tu.

"Maiti hatuyaona," Jérémie akamjibu, yaani hawajaiona bado. "Munataka kulilia muntu mwenye iko muzima?"

Yule mama akarudi nyumbani bila neno, Gauthier mwenyewe akiwapo na kusikia.

Basi, kazi iliyompeleka Gauthier pale asubuhi ile ilikuwa ndogo. Kila kompyuta kwenye mtandao lazima iwe na namba yake, kama nyumba kwenye avenue. Enzi za Adalbert namba hizo ziliandikwa kwa mkono kwenye kila mashine, na yake ilikuwa kumi na saba. Jamaa za patron walipofika, kila mtu alijiandikia namba aliyoipenda. Mashine mbili zikawa zinagombea nyumba moja, na kila siku ofisini ni matusi tu. Gauthier alikuja kuifanya ruta, kile kifaa kinachounganisha mashine zote, igawe namba yenyewe: mashine ikiwaka inaomba, ruta inaipa namba iliyo wazi. Alipita mashine moja moja, akafuta namba ya zamani, akaweka alama kwenye neno "automatique".

Katibu wa ofisi, Régine, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alimsogelea Gauthier aliyekuwa ameinama juu ya ruta.

"Ile dix-sept, kumi na saba ya Adalbert," alinong'ona, "usiitie mu zile za kugawa."

"Mama Régine, ni namba tu."

"Ni fasi yake ile. Hayapyaniwa."

Gauthier alicheka, tena kwa sauti. Angeweza kuitenga ile namba, ni kazi ya dakika mbili: unaiambia ruta kwamba kumi na saba ni ya mashine ya Adalbert peke yake, isipewe mwingine. Lakini alitaka kumpendeza patron, akamuuliza kwanza.

"Changanya yote," Jérémie alisema bila kuinua macho. "Akirudia, atapata ingine."

Gauthier akachanganya. Abigaëlle akakaa kwenye meza yake mpya, akawasha kompyuta aliyopewa. Ruta ikampa kumi na saba.

Mtaniambia mtandao hauna roho. Sawa, hauna. Ila siku chache baadaye Régine aliinua kichwa na kumwona yule binti amejiegemeza kitini, anagonga meza kwa kidole. Ta-ta-ta. Kidole hakikuwa na pete.

"Chef de gare," Abigaëlle alisema, "chai iko wapi?"

Régine aliangusha kikombe. Ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kumwita hivyo, mkuu wa stesheni, kwa kumtania kwa sababu hakosi kutazama saa. Abigaëlle hakuwahi kumwona mtu huyo hata siku moja.

Nyumbani nako mambo yaliharibika. Tangu alipojua kusema, Abigaëlle alikuwa akimwita kaka yake "Yaya", yaani mkubwa wangu. Sasa akawa anamwita "technicien", fundi, kama wanavyomwita watu wa barabarani. Nywele zake zilinuka moshi. Bukari, ugali wetu, aliisukuma pembeni akisema njia ni ndefu, atakula akifika. Jumapili moja baada ya misa mama aliweka beseni amwoshe miguu, akidhani ni homa. Maji yakawa meusi ti.

Mama alimwita Gauthier, akamwonyesha beseni. Chini kabisa palikuwa na mchanga mweusi, wa kukwaruza. Lubumbashi hatuna udongo huo. Wetu ni mwekundu, mnajua wenyewe, unaingia hata kwenye mashuka. Mweusi vile ni wa Goma, wa ule mlima unaotema moto. Na Abigaëlle hakuwahi kuvuka hata Kasomeno, kwenye njia ya Pweto.

Kesho yake Gauthier alifika ghalani kabla ya wote. Aliondoa alama ya "automatique" kwenye mashine ya mdogo wake, akaandika namba nyingine kwa mkono. Akazima, akawasha. Alama ilikuwa imerudi mahali pake. Na namba ilikuwa kumi na saba. Akarudia tena na tena, shati limelowa jasho. Ikarudi kila mara.

Ndipo alipokumbuka maneno ya Régine. Akafungua ruta, akaitenga kumi na saba kwa jina la mashine ya Adalbert peke yake. Abigaëlle alipofika na kuwasha, alipata kumi na nane. Machozi yakaanza kumwagika.

"Yaya," alisema. "Yaya, nilikuwa wapi?"

Gauthier alimkumbatia pale pale mbele ya watu. Alilia kama mtoto, wala hakuona haya. Alikuwa amempata mdogo wake.

Ila Régine hakuwa anawatazama wao. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye kile kisanduku ambamo kebo zote za ofisi huingia. Taa moja ilikuwa imewaka, ya kijani, inapepesa. Ilikuwa ya kebo ya Adalbert, ile ya kompyuta aliyoondoka nayo. Gauthier aliifuata ile kebo kwa mkono. Ilipita nyuma ya kabati. Ilipita chini ya meza. Mwisho wake ulikuwa umelala sakafuni, kwenye vumbi. Haukuchomekwa popote.

Alifungua ruta. Kumi na saba: mashine ya Adalbert. Imeunganishwa.

Walimwita Laurentine. Alikuja, akapiga magoti karibu na ile ncha ya kebo, akaigusa kwa vidole viwili.

"Baba ya batoto," alinong'ona. "Umefika."

Kisha akamgeukia Gauthier. Hakulia. Alikuwa amechoka tu, amechoka mpaka sauti.

"Amekuya ku fasi yake. Sasa patron aseme lile neno. Tumulilie, tumupyanishe, aende. Asiposema, atatafuta tena mwenye iko anaikala pale."

Gauthier aliingia kwa Jérémie, akamweleza yote. Patron alisikiliza bila kumkatiza. Aliweka kalamu chini. Kwa kitambo Gauthier aliamini kwamba angesema lile neno.

"Mudogo yangu Dominique naye iko kule," Jérémie alisema taratibu. "Nikisema huyu alikufwa, na yule alikufwa. Unasikia? Siwezi."

Halafu aibu ikageuka hasira, kama ilivyo kawaida ya wakubwa.

"Futa ile uchawi mu routeur yangu! Ama kamata mudogo yako, muende mwote wawili!"

Gauthier alibaki amesimama. Alifikiria nyumbani. Alifikiria sufuria, na mama mlangoni na furaha yake. Angeweza kumshika Abigaëlle mkono wakatoka, njaa iwakute wakiwa wazima. Hakufanya hivyo. Tujue tu kwamba hakufanya hivyo. Alifungua ruta na kuifuta ile nafasi iliyotengwa, kwa vidole vyake mwenyewe. Alijiambia moyoni kwamba mchana atapata mbinu nyingine.

Taa ya kijani ikazimika. Watu wakapumua. Umeme ukakatika, kama kawaida yake, ukarudi. Mashine zote zikawaka pamoja na kuomba namba.

Abigaëlle alisimama.

Alivua viatu vyake, akavipanga chini ya meza. Akajitundika begani begi lisilokuwepo. Alimtazama Gauthier kama mtu anayetazama mpita njia.

"Technicien," alisema, "mi naenda kumaliza ile safari."

Aliingia kwenye stoo ya samaki. Ilikuwa mchana kweupe. Régine alimwona, jamaa za patron walimwona, Gauthier alimkimbilia. Stoo ile ina mlango mmoja. Haina hata dirisha. Walisogeza magunia yote mpaka ukutani, unga ukamwagika, samaki wa Pweto wakatapakaa. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya moshi tu.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Ghala lilifungwa kabla ya kiangazi, na Jérémie hajasema lile neno hadi leo. Watu wanasema anaongea na simu isiyolia. Gauthier alibeba vile viatu nyumbani, akaviweka kando ya mlango, na akaacha kutoka nje.

Mama yake alimwacha kwanza. Kisha asubuhi moja alikuja kukaa karibu naye.

"Tufanye kilio ya Abigaëlle," alisema. "Tuchague mwenye atamupyana. Anatembea, mutoto wangu. Namusikia anatembea."

Gauthier aligeuza uso ukutani.

"Basi sema neno. We njo ulimukalisha pale. Sema tu: nilimukalisha, hakurudia."

Nami nakuambieni, aliyaona yote. Alimwona Laurentine na kanga yake kiunoni. Alijua neno ni moja tu, na alijua lilivyo zito. Mdomo ukafunguka. Kulisema ni kukiri kwamba alicheka pale alipoonywa, na kwamba alifuta kwa mkono wake.

"Maiti hatuyaona, mama," alisema.

Alisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti ya Jérémie, neno kwa neno. Mama aliinuka, akaenda jikoni akijishika ukuta.

Nyumbani kwao nako kulikuwa na ruta, ile ndogo ya Gauthier ya kazi, rafuni juu ya redio. Namba ya mtandao ya simu ya Abigaëlle ilikuwa bado humo, wazi kwa yeyote. Gauthier alijua kuitenga. Lakini kuitenga ilikuwa kukubali kwamba mwenyewe hayupo, na hilo nalo hakuliweza. Aliacha yote "automatique".

Wiki ile umeme ulikatika, ukarudi asubuhi. Simu ya mama ilikuwa mezani. Iliwaka yenyewe, ikaomba namba.

Gauthier alikuwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni. Alisikia vyombo jikoni, maji yakimiminwa, kijiko kikizunguka kwenye kikombe. Akamshukuru Mungu kwamba angalau mama ameamka salama. Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Yaya," mama yake alimwita, kwa sauti ndogo, changa. "Yaya Gauthier, chai iko tayari."

Gauthier akateremsha macho. Sakafuni, kutoka jikoni hadi pale mama aliposimama, zilipangana nyayo nyeusi ti. Vile viatu kando ya mlango havikuwepo tena. Mama alikuwa amevivaa.